Mgonjwa na Aulizwe Uji

Katika nyumba zetu za pwani, msemo unaotoka upesi mbele ya kitanda cha maradhi ni huu: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema. Mwenye haja asingojewe mpaka aombe, apewe. Ni msemo wa watu wakarimu, nami sikuja kuutukana. Lakini, msomaji mpenzi, yuko mgonjwa ambaye asipoulizwa uji, uji huo huo ndio utakaomzika. Wala si mgonjwa wa nadra. Ni mzee aliyepigwa na kiharusi, ni mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ni mtu mwenye maradhi ya Parkinson, ni bibi ambaye uzee umemwondolea kumbukumbu, na ni yule mwenye saratani ya umio. Maradhi yao ni mbalimbali, lakini shida yao ni moja: kumeza.

Tumezoea kuona kuwa kumeza ni jambo la bure, kama kupepesa macho. Sivyo. Kooni mwa binadamu pana njia panda. Mbele iko njia ya pumzi inayokwenda mapafuni, na nyuma yake iko njia ya chakula, yaani umio, inayokwenda tumboni. Wazee waliotuachia lugha hii waliijua njia panda hiyo, na kile kifuniko kidogo cha njia ya pumzi wakakiita kidakatonge. Tonge linapofika nyuma ya ulimi, misuli zaidi ya 25 hufanya kazi kwa zamu: koromeo hupanda, kidakatonge hujifunika, pumzi husita, na tonge huteremka zake tumboni. Yote hayo hupita kabla hujahesabu mbili.

Mzima anapokosea hupaliwa, akakohoa, machozi yakamtoka, mambo yakaisha. Lakini aliyepooza upande mmoja huenda koo lake nalo limepooza upande. Madaktari wanasema kuwa kadiri ya nusu ya waliopatwa na kiharusi hupata taabu ya kumeza katika siku za mwanzo. Na la kutisha zaidi ni kuwa wengine hupaliwa kimya kimya. Hawakohoi, hawapaparuki. Uji huteremka mapafuni kidogo kidogo, siku ya tatu homa hupanda, pumzi huwa za taabu, na jamaa husema, "Kapatwa na kichomi, ni baridi." Aghalabu si baridi. Ni kijiko.

Habari hizi nilizifuata Nyeri, na sababu ya kwenda huko ni ya nyumbani. Shangazi yangu, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, aliolewa huko zamani katika mtaa wa Majengo. Msomaji asistaajabu. Miji ya Mlima Kenya, tangu Murang'a iliyokuwa ikiitwa Fort Hall, mpaka Nyeri yenyewe iliyoanza kuwa boma la Waingereza mwaka 1902, hata Nanyuki kule penye mstari wa ikweta, haikukosa mtaa wa Waislamu wenye msikiti na chuo cha Kurani. Basi shangazi alipatwa na kiharusi, akalazwa, akarudi nyumbani akiwa mkono wa kulia hauna nguvu na maneno yanamtoka kwa kuburutwa.

Hospitali aliyolazwa sitaitaja, kwa kuwa aibu hiyo si yake peke yake. Chakula kilikuwa kikiletwa, kikiwekwa juu ya kimeza, na baadaye sahani ikichukuliwa. Jamaa aliyekuja saa ya kutazama wagonjwa ndiye aliyelisha. Aliyekosa jamaa alilishwa na mhudumu mmoja mwenye vitanda vingi na dakika chache. Mgonjwa alilala chali, kijiko kikafuata kijiko, na akikohoa akapewa maji ya kusukumia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna pia aliyefundishwa. Mkaza mwana wa shangazi, ambaye ndiye aliyebeba mzigo wote, aliniambia, "Ami, walinionyesha namna ya kumgeuza asipate vidonda, wakanionyesha dawa. Ya kumlisha hakuna aliyeninenea. Walidhani kila mwanamke ajua kulisha."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka, mwezi wa Julai uliopita, katika chumba kimoja cha mafunzo mjini Nyeri, siku ambayo ukungu wa Nyandarua ulikuwa haujainuka hata saa nne za asubuhi. Nyeri si mji uliokosa matabibu. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ipo ya Konsolata pale Mathari, na ipo ya Tumutumu ya Wapresbiteri, upande wa Karatina. Na hizi mbili za mwisho zina vyuo vya uuguzi vya miaka mingi. Lakini waliokaa mbele yangu siku hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa wodi, wasichana wanaoajiriwa kukaa na wazee majumbani, mpishi mmoja, na jamaa wa wagonjwa. Kwa ufupi, walikuwa wale wanaoshika kijiko.

Mwalimu wao alikuwa muuguzi, mama wa makamo, Mkikuyu, mwenye Kiswahili cha bara lakini kilichonyooka. Hakuanza na mapicha ya koo. Aliwagawa wawili wawili, sufuria ya uji wa wimbi katikati, akasema mmoja awe mgonjwa na mwengine awe mlishaji. Mimi nilipewa kijana anayefanya kazi katika nyumba ya wazee huko Nanyuki. Nikaambiwa nilale chali, shingo imeinuka nyuma. Kijana akanilisha huku anazungumza na mwenzake. Kijiko cha kwanza nilikimeza kwa taabu. Cha pili kikafika cha kwanza hakijashuka. Cha tatu nilikizuia kwa mkono. Mwalimu akauliza, "Mzee, na kama mkono huo ungekuwa umepooza?"

Kisha tukaanza upya. Nikaketishwa wima, miguu imekanyaga chini, kidevu kimeinama kidogo. Kijana akavuta kiti akakaa, macho yake sawa na yangu, akasema, "Mzee, huu ni uji wa wimbi, una sukari kidogo. Nikupe?" Nikaitikia. Akanipa nusu ya kijiko cha chai, akangoja, akitazama koromeo langu lipande na lishuke, ndipo akajaza kijiko tena. Uji ulikuwa ule ule, koo lile lile. Kilichobadilika ni namna tu.

Hapo ndipo mwalimu alipoanza kuwahesabia. Kwanza, mgonjwa awe macho. Anayesinzia asilishwe, hata kama saa ya chakula imefika. Pili, aketi, na baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Tatu, chakula kiingie upande wa kinywa wenye nguvu, na kabla ya kuongeza, mlishaji atazame kama kuna masalio shavuni. Nne, amsikilize sauti. Akisema "aah" na sauti ikatoka ya majimaji, kama mtu anayezungumza na maji kooni, basi kitu kimebaki mahali si pake. Tano, aweke akilini dalili za siku nyingi: mlo unaopita nusu saa, mate yanayochuruzika, mwili unaokonda, homa inayorudi rudi. Na akikohoa, kijiko kikae chini. Maji ya kusukumia ndiyo hatari kuliko yote, kwani maji yana mbio, na koo goigoi haliwahi kuyafungia mlango.

Hili la maji ndilo gumu katika nyumba za Waislamu. Kumnyima maji mwenye kiu ni dhambi tuliyofundishwa kuiogopa tangu chuoni. Shangazi alilia siku moja, akamwambia mkaza mwana wake, "Mwaninyima maji, mwanangu? Nimewakosea nini?" Mwalimu wa Nyeri alipoulizwa swali kama hilo, hakusema mgonjwa anyimwe. Alisema apimwe. Wako ambao maji matupu hayawafai, na hao hufanyiwa mazito kiasi. Wako wanaoweza kunywa funda dogo dogo wakiwa wameketi na kinywa kimesafishwa. Na yuko anayeumia zaidi kwa kuzidishiwa uzito, kwa maana kinywaji kizito hakimvutii, akaacha kunywa, akakaukiwa. Kwa hiyo mtu asimpikie mgonjwa wake kila kitu kama gundi kwa kusikia tu habari hii. Mwenye ujuzi amtazame kwanza.

Na uzito nao una kipimo, wala si cha kubahatisha. Tangu mwaka 2013 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana kutafuta lugha moja ya uzito wa vyakula na vinywaji, kwa sababu "uji mzito" wa hospitali hii ulikuwa "uji mwepesi" wa hospitali ile, na mgonjwa aliyehamishwa aliangamia katikati. Wakatoa ngazi nane, tangu sufuri, ambayo ni maji, mpaka 7, ambayo ni chakula cha kawaida. Jina la mpango huo kwa kifupi ni IDDSI. Uzuri wake ni kuwa kipimo chake hakihitaji mashine. Huchukuliwa bomba la sindano la mililita 10, ambalo urefu wake tangu sufuri mpaka 10 ni milimita 61.5, hutolewa mchi wake, tundu likazibwa kwa kidole, kinywaji kikajazwa mpaka 10. Kidole huachiliwa kwa sekunde 10, kisha hurudishwa. Ikibaki chini ya mililita 1, hicho ni sawa na maji. Ikibaki kati ya 1 na 4, ni ngazi ya kwanza. Kati ya 4 na 8, ni ya pili. Ikizidi 8, ni ya tatu. Na kisipotoka hata tone, ni ya nne, cha kuliwa kwa kijiko.

Niliona uji wa Nyeri ukipimwa hivyo, na mpishi akashangaa kuona kuwa uji alioupika asubuhi ukiwa mwepesi ulikuwa umepanda ngazi mbili ulipopoa. Hilo ni jambo ambalo mama yeyote ajua kwa jicho, lakini hakujua kuwa ndani yake mna uhai wa mtu.

Kwa vyakula vigumu kipimo ni uma. Chakula laini hubonyezwa kwa uma mpaka kucha ya kidole gumba ipauke, na kikae kimepondeka, kisirudi kama kilivyokuwa. Githeri, ambayo ndiyo ngao ya tumbo la watu wa mlimani, haiupiti mtihani huo, kwa maganda ya mahindi na maharagwe. Mukimo huweza kupita ikiwa imepondwa barabara na maganda yameondolewa. Nami nikawa nahesabu vya kwetu. Wali uliochambuka, punje kwa punje, tunaousifu karamuni, ni adui wa koo goigoi, kwani punje hutawanyika kinywani. Ubwabwa uliolainika kwa nazi ni afadhali. Mkate wa mofa mkavu haufai. Supu yenye vipande ni mtego, kwa sababu mchuzi hutangulia kabla kipande hakijatafunwa. Tende hugandia. Tikiti maji huonekana laini, kumbe likibanwa hutoa maji mengi kwa ghafula. Mchele mmoja mapishi mbalimbali, walisema wahenga. Na kwa mgonjwa wa namna hii, mapishi ndiyo dawa.

Jambo jengine lililonigusa ni usafi wa kinywa. Kinachoua mapafuni si uji peke yake, bali ni vijidudu vya kinywa vinavyopanda juu ya uji au mate. Huko Japani wataalamu walifuatilia wazee wa nyumba 11 za matunzo kwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo walikuwa 184, na 21 kati yao walipata homa ya mapafu. Ambao hawakusafishwa hivyo walikuwa 182, na waliougua walikuwa 34. Msomaji wa pwani, ambaye dini yake imemsisitizia mswaki kabla hata ya kumwekea dawa ya meno, hana udhuru hapa. Hata mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani, ambaye hatii kitu kinywani, mate yake yanaendelea kushuka. Kinywa chake kisafishwe vile vile.

Nisichanganye mambo mawili. Yuko anayepaliwa mwanzo wa kumeza, kwa udhaifu wa ulimi na koo. Huyo ndiye niliyemzungumzia. Na yuko anayemeza vizuri, kisha akahisi tonge limekwama kifuani. Kwanza hukataa nyama, kisha ugali, kisha uji, mwisho hata maji. Huyo asikalishwe nyumbani akitengenezewa vyakula laini. Apelekwe hospitali hima, kwa kuwa huenda ni saratani ya umio, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa vinywaji vya moto mno, vinavyopita nyuzi 65 za selsiasi, yamkini husaidia kuleta maradhi haya. Katika baridi ya mlimani, ambako kikombe cha chai hunywewa kingali kinatoa moshi, neno hilo lina uzito. Na iwapo maradhi yamekwishafika mbali, bado iko njia ya kumpa mtu raha: hospitali ya Tenwek, huko Bomet, imejulikana kwa kuweka kibomba cha waya ndani ya umio ili mgonjwa ameze tena, na hospisi ya Nyeri huwatazama watu wa namna hiyo mpaka mwisho wao.

Sasa nani atafundisha? Kwa desturi, kumeza hutazamwa na mtaalamu wa tiba ya usemi, maana ulimi na koo ni vyombo vya kazi zote mbili. Huko Marekani, Jeri Logemann aliandika mwaka 1983 kitabu kilichoifanya fani hii isimame kwa miguu yake. Huku kwetu Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha tiba ya usemi mwaka 2008. Lakini wataalamu hao ni wachache, na katika Kenya wengi wako Nairobi. Kungoja mpaka kila wodi ya Nyeri, Kerugoya, Lamu na Kwale ipate wake ni kungoja meli jangwani. Mtaalamu mmoja hawezi kulisha wagonjwa mia, ila anaweza kufundisha walishaji mia. Mwaka 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya wa jamii kiasi cha 100,000 wa kuingia nyumba kwa nyumba, wakiwa na mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Anayempima mzee shinikizo la damu ili asipatwe na kiharusi, na afundishwe pia kumtazama akimeza kiharusi kikishampata.

Na sisi wenyewe tunayo ya kutusaidia. Kuketi wakati wa kunywa, na kunywa kwa mafunda matatu badala ya kugugumia, tulifundishwa tungali wadogo. Ruhusa ya mgonjwa kufungua Ramadhani tunaijua, na mzee anayehitaji mlo kidogo kidogo mchana kutwa asione haya kuitumia. Na kwa yule ambaye safari yake imefika ukingoni, kumlowesha midomo kwa pamba yenye maji kwatosha kuwa huruma, wala si lazima kumimina.

Kwa kuwa kilichohifadhiwa kwa moyo hakipotei, niliwaachia wale wahudumu beti mbili, nao wakazinakili:

Mkalishe kitandani, usimlishe kalala,
Kijiko kidogo ndani, na usiwe na ghafula,
Ngoja kishuke kooni, ndipo aongeze kula,
Mgonjwa na aulizwe, uji si wa kumwagiwa.

Akipaliwa simama, usisukume kwa maji,
Sauti ikiwa nzima, ndipo urudie uji,
Kinywa kisafishwe vyema, hilo ni lake hitaji,
Mgonjwa na aulizwe, uji si wa kumwagiwa.

Na ikiwa tonge limeziba kabisa, mtu hatoi sauti wala kikohozi, hapo si pa mashairi. Ainamishwe mbele, apigwe mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja. Lisipotoka, abanwe tumbo kwa nyuma, juu ya kitovu, mara tano, na kurudia hivyo huku mwengine akiita msaada.

Shangazi yangu hivi sasa anakula ubwabwa, mwenyewe akishika kijiko kwa mkono wa kushoto, na chai yake hufanywa nzito kidogo kwa kiasi alichopimiwa. Hukaa nusu saa barazani kila baada ya mlo, akipokea wageni, na hakuna anayethubutu kumlaza kabla ya muda wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapokwenda kumtoa mgonjwa wako hospitalini, iwe Nyeri au Makadara, usiondoke na karatasi ya dawa peke yake. Muulize muuguzi mambo matatu: anameza vipi, uji wake uwe mzito kiasi gani, na nani atakayenionyesha kumlisha kabla sijamchukua? Akikujibu kwamba kulisha hakufundishwi, mwambie kwa adabu kuwa kunafundishwa, nawe utangoja.